Mjadala: Gemu ya kurudisha muda ina nafasi kwenye kikundi cha usomaji?

MLETA MADA, DODOMA MJINI

Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja hii kwa sababu imezua ubishi mkali katika kikundi chetu cha usomaji hapa Dodoma. Vijana wanaomba mwezi mmoja tuweke kitabu pembeni tujadili gemu. Wakubwa wamekataa katakata. Mimi nasimama na vijana, na anayepinga naomba anijibu kwa hoja.

Hapa kwetu ukitaja gemu, watu wanafikiria kibanda cha PlayStation, vijana wanalipia mechi za mpira na kelele zinasikika hadi barabarani. Sizungumzii hiyo. Nazungumzia Life is Strange, gemu ya kampuni ya Dontnod ya Paris, iliyotoka kwa sehemu tano kati ya Januari na Oktoba 2015. Unamwongoza Max Caulfield, msichana wa miaka 18 anayesomea upigaji picha katika mji wa kubuni uitwao Arcadia Bay, jimbo la Oregon, Marekani. Siku moja yuko chooni shuleni, anashuhudia msichana akipigwa risasi. Ananyoosha mkono, muda unarudi nyuma, na yule msichana anaokoka. Baadaye ndipo anamtambua kuwa ni Chloe, rafiki yake wa utotoni. Kuanzia hapo, aseme nini, amtetee nani na anyamaze wapi, unaamua wewe uliyeshika simu au padi.

Raha yake ni kwamba muda ukirudi, Max anabaki na alichokisikia. Mwanzoni kabisa mwalimu anamuuliza swali kuhusu Louis Daguerre na anakwama, mwenzake anajibu. Max anarudisha muda, analitoa jibu lile lile kama lake, na mwalimu anamsifu. Nilifurahi, halafu nikajiuliza: huyu si ameibia? Alipata jibu darasani kama wengine, ila mwenye jibu amenyang'anywa nafasi ya kulitoa, na wala hajui. Suala dogo hili tu linatosha kuwakesha watu wakibishana.

Lililonifanya niichukue kwa uzito ni la sehemu ya pili. Kuna binti anaitwa Kate Marsh, mlokole, mpole, aliyewekewa dawa kwenye kinywaji katika sherehe, akarekodiwa, na video ikasambazwa shule nzima. Anapanda juu ya paa akitaka kujiua. Max anafika pale juu, na uwezo wake unakata. Ukikosea neno, hurudishi. Kinachokusaidia ni mambo madogo uliyoyafanya kabla: ulipokea simu yake au uliipuuza? Ulipoingia chumbani kwake ulitazama picha za familia yake, au ulipita tu? Kuna mahali unatakiwa ukumbuke mstari wa Biblia anaoupenda, Mathayo 11:28. Asiyemsikiliza Kate mapema hana cha kumwambia pale juu.

Mwaka huo huo wa 2015, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, na unyanyasaji wa mtu mtandaoni umo humo kama kosa. Sheria inamkamata anayesambaza. Je, sisi tunaopokea video ya binti wa watu kwenye kundi la WhatsApp, tukatazama na kunyamaza? Sijaona mahali panapoliuliza swali hilo moja kwa moja kama gemu hii, maana hapo anayenyamaza ni wewe mwenyewe, na Kate ndiye anayelipa. Ndiyo maana nasema iingie kwenye kikundi, ijadiliwe kama tunavyojadili riwaya.

MZAZI, KISASA

Ndugu mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na nia yako naiona ni njema. Lakini mwanangu wa kidato cha tatu amenionyesha hiyo gemu: mna matusi, mna bangi, na hilo la kujiua umelitaja mwenyewe. Nani atakuwa pembeni ya mtoto akishaliona? Jambo la pili, hii ndoto ya kurudisha muda ni kuwalea vijana katika utoto. Maisha hayana kurudi nyuma, na mapema wanavyolijua hilo ndivyo wanavyopona.

MLETA MADA

Mama, shikamoo. La umri nakubaliana nawe moja kwa moja. Ulaya gemu hii imewekewa miaka 16, Marekani 17; kikundi chetu ni cha watu wa miaka 18 kwenda juu, na wa kidato cha tatu asiiguse. La kujiua ndilo hasa linalonifanya nitake ijadiliwe tukiwa pamoja, na watu wazima wakiwepo. Vijana wanaliona jambo hili mtandaoni kila siku, na wengi wanaliona wakiwa peke yao usiku.

Ila la utoto, hapana. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko wa Igandu, mkoani kwetu, ikagonga treni ya mizigo, na zaidi ya watu 280 wakafa. Waulize waliozika. Mtu mzima anajua kabisa muda haurudi, na bado moyo unaurudia usiku: laiti angesafiri kesho yake. Gemu inaishika hamu hiyo kwa heshima. Max anarudi hadi mwaka 2008 kupitia picha ya zamani na kuficha funguo za gari ili baba yake Chloe asifie ajalini. Baba anapona. Akirudi leo, anamkuta Chloe mwenyewe amepooza kwa ajali nyingine, na anamwomba Max amsaidie kufa. Mimi niliweka simu chini pale, nikatoka nje. Hakuna utoto katika jambo hilo, mama yangu.

MWALIMU WA KISWAHILI, MAKOLE

Hoja yangu ni fupi. Fasihi simulizi ina fanani na hadhira. Hapa fanani ni mashine. Na lugha yake ni Kiingereza. Vijana hawamalizi riwaya ya kurasa 150, sisi tunawapa sababu nyingine ya kutosoma, tena kwa lugha ya wenyewe.

MLETA MADA

Mwalimu, nikukumbushe ngano ya wachumba watatu wanaomwokoa binti mmoja: mmoja ameona kwa mbali kwamba anaumwa, wa pili amewafikisha, wa tatu ana dawa. Msimulizi anakatiza hapo na kuwauliza wasikilizaji: nani amwoe? Tangu zamani hadhira yetu imekuwa ikiamua, na ubishi wenyewe ndio utamu wa ngano. Gemu hii inafanya hivyo hivyo, na kila sehemu ikiisha inakuonyesha asilimia ya wachezaji wengine walioamua kama wewe.

Kuhusu lugha umenigusa, maana kweli haina Kiswahili. Lakini njia ya kila mchezaji ni tofauti: kwangu Kate aliishi, kwa mwenzangu alikufa. Tukikutana, kila mmoja lazima asimulie yake, na anasimulia kwa Kiswahili. Kijana ambaye hajawahi kufungua mdomo kwenye kikundi alieleza kilichotokea pale juu ya paa, na hakuna aliyemkatiza.

MWANACHUO, UDOM

Mkuu, nimeimaliza mara kadhaa na naipenda, lakini kwenye hoja yako kuna tundu. Mwisho wake ni chaguo moja tu: umtoe Chloe kafara, au uache kimbunga kiangamize mji mzima. Ukichagua mji, Max anarudi pale chooni siku ya kwanza na kumwacha apigwe risasi. Yote uliyoamua yamefutika. Sasa tulikuwa tunachagua nini? Ndiyo maana mimi nilimwokoa Chloe: angalau nilibaki na nilichokitenda.

MLETA MADA

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa, na nashukuru umeileta. Ni kweli kwa watu wa Arcadia Bay yanafutika. Kwa Max hayafutiki. Anakwenda kwenye mazishi akiwa na wiki nzima ambayo hakuna mwingine aliyeiishi. Wewe pia unayo.

Lakini sikubali kwamba kubaki na ulichokitenda ni sababu ya kutosha kuacha mji ufe. Mle mjini yumo mama yake Chloe, anafanya kazi kwenye mgahawa. Kama uliokoa maisha ya Kate, naye yumo. Ulimwambia juu ya paa aishi, halafu ukamwachia kimbunga. Njoo Jumamosi utetee uamuzi huo mbele ya waliochagua mji. Mimi ni mmoja wao.