Milonga (usiku wa kucheza tango) imejaa, aliye mbele kasimama: anayeongoza afanyeje?

mpenda_bandoneoni:
Habari zenu wadau wa dansi ya tango. Naishi Berlin, nimejifunza kuongoza mwaka huu, na sasa nimeanza kwenda milonga za Jumamosi. Darasani tuko jozi chache kwenye ukumbi mpana. Huku milonga ni bega kwa bega. Juzi jozi ya mbele yetu ilisimama katikati ya wimbo ikaanza kuzunguka palepale, na nyuma kuna jamaa ananisogelea mpaka nasikia pumzi yake. Mara mwenzangu akapigwa kisigino na dada wa jozi ya pembeni, kifundo kikavimba.

Naomba kuuliza: naruhusiwa kumpita aliyesimama? Naweza kurudi nyuma hatua moja nipate nafasi? Na ile hatua nane ya msingi tuliyofundishwa, ambayo anayeongoza anaanza kwa kurudi nyuma, mbona kwenye milonga simwoni mtu akiianza hivyo?

dada_wa_ocho:
Pole sana kwa mwenzako, kaka. Mwambie aupumzishe mguu, na uvimbe usipopungua akamwone daktari.

Mimi nafuata na pia naongoza, hapa Ujerumani na nikipata nafasi Buenos Aires. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye hatari. Hiyo hatua ya nyuma iache darasani. Ronda, yaani mzunguko wa jozi zote ukumbini, inakwenda kinyume na mwendo wa saa, na kila jozi inasogea mbele. Nafasi iliyo nyuma yako ni ya mwingine, anaitegemea, na wewe huna macho kisogoni. Simama kifua chako kikielekea ukutani kidogo, hamisha uzito mara moja mbili mpaka mwenzako akusikie, kisha toa hatua ya pembeni kwa mguu wa kushoto. Hatua hiyo inakupeleka mbele kwenye ronda bila kumgusa mtu. Baada ya hapo tembea.

Kumpita aliyesimama: hapana. Huenda kasimama kwa sababu wa mbele yake naye kasimama. Cheza papo hapo. Hamisha uzito, yumbisheni pamoja na muziki, fanya ocho cortado (hatua fupi inayokatwa na kurudi palepale), zungusha robo giro (zunguko) kuelekea kushoto ukiangalia nafasi ikifunguka. Mtu akikwama wimbo mzima, basi mpite kwa kushoto na urudi kwenye njia yako. Kulia kamwe. Katika kumbatio la karibu kichwa cha anayefuata kiko upande wa kulia wa anayeongoza, kwa hiyo upande huo haoni karibu kitu chochote. Kushoto kuko wazi, atakuona.

Sasa hiki kisigino. Nikifuata, mara nyingi nafumba macho. Nakwenda kinyumenyume juu ya kisigino chembamba cha sentimita saba au nane, na kinachoniambia pa kukanyaga ni kifua cha aliyenikumbatia. Akiniongoza kwenye boleo (mguu unaorushwa kwa mgeuko wa ghafla) ya juu mahali ambapo hajatazama, mguu wangu unaruka na kumchoma mtu ambaye sikujua hata kama yupo. Watu watanitazama mimi vibaya. Lakini nafasi ile aliichagua yeye. Ndiyo maana sikubali maneno ya "wanawake wa pale wanarusha miguu". Muulize aliyeongoza. Kukiwa kumejaa, boleo ibaki chini, kidole kikiburuza sakafu, au isiongozwe kabisa. Gancho (kunasa mguu wa mwenzako kwa mguu wako) pia ipumzike.

Na mkono wako wa kushoto, ule ulioshika mkono wa mwenzako, ushushe na uukunje karibu na mwili. Viwiko vilivyotandazwa navyo huumiza watu.

mzee_wa_kompasi:
Dada kamaliza sehemu kubwa. Naongeza kuhusu kuingia, kwa sababu vurugu nyingi huanzia hapo. Sisi tuliokulia Dar tunajua kipilefti: aliyemo ndani ndiye mwenye haki, wewe unayetaka kuingia unasubiri. (Ila ronda inazunguka upande wa pili, msichanganye.) Simama ukingoni na mwenzako, mtafute kwa macho yule anayeongoza jozi inayokuja. Akikupa ishara ya kichwa na kupunguza mwendo, ingia mbele yake. Asipokutazama, subiri anayefuata. Kule Buenos Aires wanalishika sana jambo hili, na ukijitumbukiza tu, usiku mzima utaonekana mtu usiye na adabu.

Pale hasa msishangae wimbo ukianza na watu wakabaki wamesimama wakiongea sekunde kadhaa. Ukianza kutembea mapema utawagonga. Tanda, yaani fungu la nyimbo zinazopigwa mfululizo, ina nyimbo tatu au nne, muda upo.

Ila natofautiana kidogo na dada. Wapo wanaosimama kwa starehe zao, mbele yao pengo la mita tatu, huku nyuma watu wanabanana. Hao nao wanahatarisha wenzao. Pengo la hatua moja kubwa linatosha. Likizidi hapo, lifunge.

dada_wa_ocho:
Hapo nakubaliana nawe, mzee wangu. Pengo hilo humshawishi mtu wa njia ya ndani (mstari wa jozi ulio karibu na katikati ya ukumbi) achomoke aingie, kisha arudi tena ndani, na kukatiza njia hivyo ndiko kunakogonganisha watu.

mpenda_bandoneoni:
Asanteni mno. Mawili ya mwisho. Ikipigwa tanda ya okestra ya Pugliese kila mtu anataka hatua ndefu, nifanyeje? Na nikimgonga mtu, nisimame niombe radhi au niendelee?

dada_wa_ocho:
Pugliese ana vituo virefu vya kimya, vitumie. Simama kweli, pumua na mwenzako, ukubwa wa muziki uuweke kwenye kumbatio. Hata kwenye mashindano ya dunia pale Buenos Aires, kitengo cha tango de pista (tango ya ukumbini), jozi zikishakumbatiana haziruhusiwi kuachana mpaka wimbo uishe, na kuruka ni marufuku. Wanazunguka kwenye ronda moja na bado wanapendeza.

Ukimgonga mtu, mtazame papo hapo, inua kiganja kidogo. Kama kaumia, simama, mtoeni pembeni. Kama ni mguso tu, endelea, wimbo ukiisha umwombe radhi yeye na mwenzake. Hata kama unaona kosa ni lake.

Na mwombe mwenzako akulinde mgongo. Yeye, akifumbua macho, anaona nyuma yako usipopaona. Mkono wake wa kushoto uko begani au mgongoni mwako, akiona mtu anakuja akubonyeze kidogo, nawe usimame hapohapo. Kubalianeni hilo kabla hamjaingia.

mpenda_bandoneoni:
Kifundo kimeshapungua. Jumamosi tunaingia njia ya nje, na hilo la kubonyeza bega tutalifanyia mazoezi kwanza sebuleni.