Namba 14: mstaafu bora aliyewahi kuivaa ni nani? Naomba ushauri wa haraka

KonaFupi (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Niende moja kwa moja. Kati ya wachezaji wote waliokwisha kutundika daluga, nani bora kuliko wote waliowahi kuvaa jezi namba 14? Kwangu mimi mjadala uko kati ya Johan Cruyff na Thierry Henry, wengine wasindikizaji. Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi jioni, na hoja zinazosimama zenyewe, sio ushabiki. Naombeni msichukulie utani, hili jambo linaninyima usingizi. Nawasilisha.

SitiYaMbele
Kukosa usingizi kwa ajili ya namba ya jezi? Nimekaa paleee.

MzeeWaBenchi
Swali jepesi mno. Cruyff.

Vijana kwanza mjue 14 ilikuwa namba ya nani. Enzi hizo wanaoanza wanavaa 1 hadi 11, kuanzia 12 kwenda juu ni za watu wa akiba. Cruyff mwenyewe alikuwa namba 9 wa Ajax. Oktoba 1970 anarudi kutoka majeruhi, mechi na PSV, mwenzake Gerrie Mühren haoni jezi yake. Cruyff akamvulia ya kwake, akaingiza mkono kapuni, akatoka na 14. Wakashinda, naye hakuirudisha tena. Henry aliikuta 14 ina heshima zake. Mwenzake aliikuta kapuni.

Halafu Kombe la Dunia 1974 Uholanzi walipanga namba kwa alfabeti. Straika Ruud Geels akapewa 1, golikipa Jongbloed akadaka na 8 mgongoni. Kwa alfabeti hiyo 1 ilikuwa ya Cruyff. Akagoma. Akabaki na 14 yake. Mchezaji gani mwingine alfabeti nzima imesogezwa kwa ajili yake?

Chenga2
Mzee nakuheshimu, ila umetoa hadithi ya kapu, sio hoja. Henry: mabao 228 Arsenal, rekodi ya klabu mpaka leo. Mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Uingereza mara nne. Msimu wa 2002/03 alifunga 24 kwenye ligi na kutoa pasi za mabao 20, straika huyo! Msimu uliofuata mechi 38, ushindi 26, sare 12, kufungwa hakuna. Akipokea mpira pale kushoto, anafungua mwili kidogo tu, unajua unakwenda kona ya mbali, golikipa naye anajua, na bado unaingia.

KikapuTu
Nyie watu wa mpira wa miguu mna mazoea ya kudhani dunia ni yenu. Mleta mada hakusema soka, amesema "wachezaji". Kwenye mpira wa kikapu namba 14 ni Oscar Robertson wa Cincinnati Royals. Msimu wa 1961/62 alimaliza na wastani wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 na pasi za kufungisha 11.4. Hiyo sio mechi moja, ni wastani wa msimu mzima. Ilichukua mpaka 2016/17 ndipo Russell Westbrook akamaliza naye msimu kwa wastani wa tarakimu mbili kwenye vyote vitatu. Na kabla yake kulikuwa na Bob Cousy, 14 wa Boston, ubingwa mara sita.

Chenga2
Huyo Robertson ubingwa wake aliupata Milwaukee 1971 akiwa amevaa namba 1. Asante kwa kushiriki.

DadaRefa
Mleta mada, kabla watu hawajaumizana. Jumamosi kuna nini?

KonaFupi
Kuna mdahalo wa kundi letu la mashabiki. Upande mmoja Cruyff, mwingine Henry. Mambo ya kawaida tu, dada.

DadaRefa
Na wewe uko upande gani?

KonaFupi
Sina upande.

DadaRefa
Asiye na upande anakosaje usingizi?

KonaFupi
Basi niseme. Mimi ndiye mwamuzi. Nikitamka jina ndio imekwisha, hakuna rufaa. Ndiyo maana nataka hoja nzuri za Henry, ili nikitoa uamuzi usionekane wa kubahatisha.

SitiYaMbele
Hoja za Henry? Mdahalo ni Jumamosi na hukumu umeshaiandika? Nasogeza kiti.

GotiLaKushoto
Mimi nitakwambia kuhusu Cruyff. Ile chenga yake aliyompiga beki wa Sweden, Jan Olsson, 1974: anajifanya anapiga krosi, anauvuta mpira nyuma ya mguu wake wa kusimamia, anageuka anaondoka, na Olsson bado anakimbilia upande ambao hakuna mtu. Niliitazama kwenye kanda hadi ikaanza kukwaruza. Siku nilipoijaribu, mpira ulienda vizuri, mwili ulienda vizuri, goti likabaki palepale linaangalia mbele. Mpaka leo nikipanda ngazi linalia kama mlango. Kwa hiyo kura yangu ni Henry. Yeye hajaniumiza.

HesabuZaUwanja
Tuliangalie swali lenyewe: nani bora *kuvaa 14*, sio nani bora. Kwa hiyo hesabu alichokifanya akiwa nayo mgongoni tu.

Cruyff: fainali tatu za Klabu Bingwa Ulaya mfululizo, 1971, 1972 na 1973, zote alishinda na 14. Ile ya 1972 dhidi ya Inter iliisha 2–0, mabao yote mawili yake. Ila Barcelona ondoa, kule sheria ya Hispania iliwataka wanaoanza wavae 1 hadi 11, akavaa 9. Yale 5–0 ya ugenini kwa Real Madrid mwaka 1974 ni ya namba 9.

Henry: Kombe la Dunia 1998 na Ulaya 2000 ondoa, Ufaransa hakuvaa 14, na 12 ndiyo aliyokaa nayo muda mrefu. Hata aliporudi Arsenal kwa mkopo 2012 alikuta 14 iko kwa Walcott, akavaa 12, kwa hiyo kwenye 228 yanabaki 226. Ligi ya Mabingwa ya 2009 na Barcelona inaingia, kule alikuwa 14.

Na kitu cha mwisho. Ajax waliistaafisha 14 mwaka 2007. Arsenal waliendelea kuigawa: Walcott, Aubameyang, Nketiah. Wenye nyumba wenyewe wamesema.

Chenga2
Kwa hesabu hiyo hata ule mpira Henry alioushika kwa mkono 2009 dhidi ya Ireland ni wa namba 12. Dhambi zake aliziacha kwenye 12, kwenye 14 ni mema matupu. Umenisaidia, mkuu.

DadaRefa
KonaFupi, umetulia sana. Kuna kitu bado hujasema.

KonaFupi
Sawa. Upande wa Henry wamenipa jezi.

Kabla hamjaanza: sio hongo. Ni kuazimwa. Walisema "kaa nayo uione", hakuna aliyetaja mdahalo. Nimeivaa mara moja tu. Mbili. Nikaifua, ndipo ile 4 ikaanza kubanduka kwenye pembe, nikaibandika kwa pasi, sasa imeacha alama ya kung'aa. Narudishaje jezi ya namna hiyo? Na kwa haki ya Mungu, Henry ningempa hata bila jezi.

MzeeWaBenchi
Laiti ungesema hivyo kabla ya kuivaa.

MjaAdili
Ndugu yangu, hongo haijitambulishi kwa jina. Leo jezi, kesho utauza nini? Unataka watoto wako waje kusoma uzi huu? Rudisha, jiuzulu, omba radhi.

DadaRefa
Mimi sikuhubirii, nakupa yangu. Nilikuwa nachezesha mechi za vijana. Asubuhi ya mechi moja kocha wa timu mojawapo akanipa filimbi mpya, kamba nyekundu, akaniambia yangu imechoka. Kweli ilikuwa imechoka. Nikapokea. Kipindi cha pili, zimebaki dakika chache, mpira ukamgonga beki wake mkononi, ndani ya boksi, wazi kabisa. Nikaweka filimbi mdomoni nikaonja ile plastiki mpya, nikakumbuka imetoka wapi. Nikapuliza, penalti ikapigwa, ikaingia. Uamuzi haukuwa na kosa. Lakini nilichelewa, na kila aliyekuwa pale aliniona nikichelewa. Hakuna aliyesema kitu. Msimu huohuo niliacha.

KonaFupi
Dada, hiyo yako ni filimbi, kitu cha kazi. Yangu ni jezi. Tena sio jezi ya hovyo, ni ya msimu ule wenyewe wa 2003/04 wa kutofungwa, aliyenipa ameitunza miaka yote. Nyekundu, mikono myeupe, kifuani Fly Emirates, mgongoni HENRY 14. Mngeiona msingenilaumu.

JichoLaVAR
Simamisheni mchezo.

Nimesoma mara tatu nihakikishe. 2003/04 Arsenal kifuani walikuwa na O2. Fly Emirates imeingia 2006, mwaka waliohama Highbury. Hakuna jezi ya msimu wa kutofungwa yenye maandishi hayo, haikuwahi kushonwa. Wakuu, hii ni chai. Hakuna jezi, hakuna mdahalo, hakuna mwamuzi. Kuna mtu ana bando na muda.

KikapuTu
Nilijua. Ile ya kubandika kwa pasi ilinogeshwa mno.

MjaAdili
Kwa hiyo nimemhubiria mtu wa kutunga?

GotiLaKushoto
Goti langu ni la kweli lakini, isije ikaunganishwa.

Chenga2
Ngojeni kwanza. Mtunzi angeenda kuangalia picha akaandika O2. Anayekosea hivi ni yule aliyeletewa kitu akaamini. Chai inaweza kuwa ni jezi, mleta mada akawa wa kweli.

JichoLaVAR
Au mtunzi mvivu. Aweke picha.

MzeeWaBenchi
Jezi ndio zinavyosema ukweli. Hata ya Cruyff ya 1974 ina siri yake. Uholanzi walivaa Adidas, mistari mitatu begani. Yeye alikuwa na mkataba na Puma, akakataa kuwatangaza wapinzani wake, akacheza na mistari miwili. Timu nzima mitatu, yeye peke yake miwili. Mtu akikuletea jezi ya Cruyff ya mwaka ule yenye mistari mitatu, mrudishie na salamu.

SitiYaMbele
Mleta mada kapotea. Nimekaa mpaka siti imepata joto.

KonaFupi
Nipo. Nilikuwa naikagua. Ni Fly Emirates kweli, na lebo ya ndani ya shingo imeshonwa juu chini. Picha siweki, nyumba ina watu wa kundi wanaoitambua.

Nina swali moja tu. Kama jezi ni feki, hongo nayo si inakuwa feki?

DadaRefa
Filimbi niliyopewa nayo haikuwa ya maana. Ila ililia.

HesabuZaUwanja
Huyu bado anatafuta upenyo. Toa uamuzi kwa hoja, mkuu. Nimekuandikia zote hapo juu, hata kurudisha jezi hutahitaji.

KonaFupi
Nashukuru wakuu, mmenifungua. Nilikuwa nimeshaamua kujitoa, ujumbe wa kujiuzulu nimeuandika kabisa. Sasa hivi tu simu imeita. Ni wale wa upande wa Cruyff. Wanauliza navaa saizi gani.

MzeeWaBenchi
Hesabu mistari kwanza.