Naomba ushauri: nimejiondoa kwenye ufuatiliaji wa matangazo, kesho yake nimerudishwa

Karani wa Ngamiani:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina duka la steshenari hapa Tanga lenye kompyuta moja ambayo wateja huitumia kuandika barua, kuomba kazi na kujaza fomu mtandaoni. Kwa kuwa watu wengi huishika, nimekipanga kivinjari cha Chrome kifute vidakuzi vyote (vile vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha ndani ya kivinjari ili kumtambua mtumiaji) kinapofungwa, nami hukifunga jioni ninapofunga duka. Hivi karibuni mteja alilalamika kwamba alipokuwa akisoma magazeti mchana aliandamwa na matangazo ya dawa za ugonjwa ambao bila shaka mtu mwingine aliutafuta asubuhi. Nikaingia kwenye ukurasa wa muungano wa watangazaji wa Marekani, Digital Advertising Alliance, ambako mtu huweza kuzikataa kampuni nyingi kwa mara moja, nikazikataa zote na nikajibiwa kwamba ombi limekamilika. Kesho yake ukurasa uleule ulionesha kwamba sijaikataa hata moja. Naomba kueleweshwa sababu, na kama ipo njia isiyohitaji kurudiwa kila asubuhi. Je, sheria yetu inanisaidia?

Fundi Saruni:
Ndugu Karani, kilichofutwa jioni ile ni ombi lako lenyewe. Ukurasa ule hauandikishi jina lako mahali popote. Kila kampuni unayoikataa huweka ndani ya kivinjari chako kidakuzi chenye ujumbe kwamba mwenye kivinjari hiki amekataa. Kivinjari chako, kwa utii mkubwa, hukifuta kidakuzi hicho pamoja na vile vinavyokufuatilia, na asubuhi kampuni zinakuona mgeni mpya ambaye hajawahi kukataa chochote. Kwa hiyo anayejali faragha kiasi cha kufuta vidakuzi ndiye ambaye kukataa kwake hakudumu, na kwa maoni yangu mpango wa namna hiyo unamfaa zaidi mtangazaji kuliko mtumiaji. Isitoshe, unachokikataa pale ni matangazo yanayolengwa kwako. Kampuni inaweza kuendelea kukusanya taarifa kwa shughuli nyingine, kama vile kuhesabu waliotazama tangazo.

Nakushauri uache kuomba na uanze kuzuia. Safari ya Apple huzuia vidakuzi vya tovuti za pembeni, yaani vinavyowekwa na kampuni nyingine tofauti na tovuti uliyoifungua, tangu Machi 2020, na Firefox tangu Juni 2022 huvitenga vidakuzi vya kila tovuti peke yake bila wewe kugusa chochote. Google nayo iliahidi mwaka 2020 kuviondoa kwenye Chrome, lakini Julai 2024 ikarudi nyuma, hivyo kwenye Chrome kazi hiyo unaifanya mwenyewe kupitia sehemu ya faragha na usalama ndani ya mipangilio. Ukishavizuia, usishangae ukurasa ule wa kujiondoa ukikulalamikia kwamba hauwezi kuhifadhi chaguo lako, kwa sababu nao ulitegemea mlango huohuo uliofungwa.

Bi. Mwanakombo:
Mbona mnamzungusha? Afungue dirisha la hali fiche (Incognito), basi.

Fundi Saruni:
Dada, kwa duka lake hali fiche ina faida, maana dirisha likifungwa historia na vidakuzi vya mteja huondoka. Haimfichi mtu kwa tovuti anazozitembelea. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliokuwa ndani ya hali hiyohiyo, na katika mapatano ya mwaka 2024 ilikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu. Kwa kompyuta ya wateja ningependelea hali ya mgeni (Guest) ya Chrome, kwa kuwa haigusi kabisa akaunti wala nywila za mwenye duka. Sharti ni kuifunga kila mteja anapoinuka, wala si jioni, kwani lililomkuta mteja wako lilitokea kati ya asubuhi na mchana, kivinjari kikiwa bado wazi.

Msomi wa Sheria:
Kuhusu sheria, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote zinampa mtu haki ya kupinga taarifa zake kutumika kwa matangazo ya biashara. Haki hiyo ina nguvu pale unapomjua unayemwandikia, kwa mfano duka linalokutumia ujumbe mfupi kila wiki. Kwenye matangazo ya mtandaoni unashughulika na madalali wengi ambao hata majina yao huyajui.

Kukataa kunakotumwa na kivinjari chenyewe kuna historia ndefu. Alama ya zamani iitwayo Do Not Track haikulazimisha mtu yeyote. Apple iliiondoa kwenye Safari mwaka 2019, ikisema kuwa ingeweza kutumiwa kumtambua mtumiaji, na Firefox ikaiondoa mwaka 2025. Mrithi wake, Global Privacy Control, una meno katika jimbo la California, ambako mwaka 2022 kampuni ya vipodozi ya Sephora ilikubali kulipa dola milioni 1.2 katika shauri ambalo moja ya madai yake lilikuwa kuipuuza alama hiyo. Iwashe kwenye Firefox, lakini usiitarajie ifanye hapa kinachofanywa na mahakama za California.

Nikuongezee jambo ambalo hukuliuliza: hali ya mgeni haifuti mafaili yaliyopakuliwa. Wasifu wa kazi na picha za vitambulisho ambazo wateja huziacha kwenye kompyuta yako ni taarifa binafsi pia, na anayezihifadhi ni wewe.

Karani wa Ngamiani:
Nashukuru sana, wakuu. Folda ya mafaili yaliyopakuliwa nitaisafisha leo. Je, simu yangu ya Android nayo niifanyeje?

Fundi Saruni:
Ingia kwenye mipangilio, kisha Google, kisha matangazo, ukifute kitambulisho cha matangazo, yaani namba ambayo watangazaji huitambulia simu yako; programu ikikiomba baada ya hapo hupewa sifuri tupu. Wenye iPhone huulizwa na kila programu inayotaka kuwafuatilia, tangu iOS 14.5 ya Aprili 2021. Hata hivyo, ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, Google inakujua kwa akaunti hiyo wala haihitaji kitambulisho, kwa hiyo fungua pia ukurasa wa shughuli zako ndani ya akaunti na uzime uhifadhi wake, au kama unaihitaji historia ya utafutaji, chagua ijifute kila baada ya miezi 3. Firefox ya Android inakubali uBlock Origin, kiendelezi (programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari) cha kuzuia matangazo, ambacho Chrome ya simu haikikubali, na utaona bando nalo linadumu zaidi.