Dole gumba la mume wangu na vidonge vya mama mkwe

Mama Neema, Uyole
Habari za jioni wapendwa. Juzi saa nane usiku mume wangu kaniamsha analia. Dole gumba la mguu wa kulia limevimba, jekundu, linang'aa kama nyanya. Alilala mzima kabisa. Blanketi likimgusa anapiga yowe, na Uyole Julai hii bila blanketi hulali. Ana miaka 48, anameza dawa ya presha ile ya kukojoza, na Jumamosi alishinda kwenye kitimoto na bia.

Mama mkwe katoka Tukuyu, tunaye hapa. Ana baridi yabisi mwaka wa sita, vidole vya mikono yote miwili vimeanza kupinda. Anasema ni ugonjwa wa ukoo, mwanawe ameze vidonge vyake. Ni vile vidogo vya njano, methotreksati, kidonge chake kila Jumatatu. Nimevificha kwenye ndoo ya unga. Nimekosea?

Nesi wa Zamu, Mbeya
Hujakosea dada, na wala usivitoe hadi Jumatatu ya mama. Dawa hiyo humezwa mara moja kwa wiki. Kuna watu wameimeza kila siku kwa kutoelewa ikawaua. Inapunguza makali ya kinga ya mwili, kwa sababu kwenye baridi yabisi kinga yenyewe ndiyo inashambulia utando wa ndani ya viungo. Mumeo hana shida hiyo.

Yake inaelekea ni jongo, gauti kwa jina la mtaani. Asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu huganda chembechembe kama sindano ndani ya kiungo, na hupenda kugandia penye ubaridi, ndiyo maana dole gumba. Bia na nyama huchangia, lakini hata hiyo dawa ya kukojoza hupandisha yuriki. Asiiache mwenyewe, amwambie daktari. Akiwa na homa aende leo leo, kiungo chenye usaha hufanana sana na hicho. Na kipimo cha damu kikisoma kawaida siku ya maumivu msishangilie, mara nyingi hudanganya, kirudiwe akishapoa.

Mzee wa Mbao, Makambako
Kamwene dada. Mimi ninayo tangu 2017. Mara ya kwanza nilidhani nimejigonga na ubao, nikakandwa maji ya chumvi, siku ya nane ikapoa yenyewe. Nikasifia chumvi! Ya tatu ikahamia goti. Nikapewa alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki, nikaanza vizuri, nilipopona nikaitupa. Kosa. Ile ni ya kila siku hata kama huumwi. Sasa hivi nina kinundu sikioni kama punje ya mchele, kilipopasuka kikatoa kitu cheupe kama chokaa. Supu ya kongoro nimeacha. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, sitadanganya, msimu ukifika naonja.

Mama Neema, Uyole
Ndaga fijo. Tumeenda. Kapewa kolchisini ya kutuliza jongo, dawa ya presha imebadilishwa, alopurinoli tutaongea akirudi wiki ijayo. Nimemuuliza mama asubuhi zake zikoje, kanijibu hawezi kushika kikombe cha chai mpaka jua lifike barazani. Mwanawe yeye alikuwa anafunga kamba za viatu jioni, usiku ndiyo hivyo. Kumbe ni magonjwa mawili tofauti.

Jumatatu nimempa mama chake. Analalamika kina unga.