Skrubu ndogo kwenye taya: waya pekee hazitoshi?

Swali: Wakuu, binti yangu wa miaka 16, aliyeng'olewa magego madogo mawili ya juu ili meno ya mbele yarudishwe nyuma, ameshauriwa awekewe skrubu mbili za titani tayani. Je, ni lazima?

Jibu 1: Ndugu, waya inapoyavuta meno ya mbele, magego inayoyashikilia nayo huvutwa mbele kwa nguvu ileile, hivyo pengo huliwa pande zote mbili. Skrubu, ambayo kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 1.2 hadi 2 na hukazwa mfupani kati ya mizizi, huibeba nguvu hiyo, magego yakabaki mahali pake. Meno yakiwa yamechomoza kidogo tu, mimi nisingeziweka.

Jibu 2: Ganzi kidogo hutosha kuiweka skrubu, na kwa kuwa mfupa haushikamani nayo kikamilifu, hufunguliwa kwa bisibisi matibabu yakiisha. Baadhi hulegea, hasa fizi inayoizunguka ikivimba. Apasugue kwa mswaki laini kila siku, na ikianza kucheza arudi kliniki mapema.

Muulizaji: Nashukuru. Na ikigusa mzizi?

Jibu 1: Ndiyo maana hupigwa eksirei kwanza. Ikiugusa, huondolewa na kuhamishwa. Jeraha dogo la mzizi mara nyingi hupona lenyewe.