Naomba ushauri: Baba alitolewa tezi dume, PSA inapanda tena. Kipimo cha PSMA kina ulazima?

Binti_Pongwe:
Habari zenu wakuu. Niko Tanga, siku ya tatu sijapata usingizi.

Baba ana miaka 67. Miaka miwili iliyopita alitolewa tezi dume yote kwa saratani. PSA, ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ikashuka hadi haisomeki, tukachinja mbuzi kwa shukrani. Mwaka huu imesoma 0.2, ikaja 0.4, wiki iliyopita 0.6. CT na skani ya mifupa zote safi. Daktari anataka aende Nairobi akapigwe PET-CT ya PSMA, ile ya kuchomwa dawa yenye mionzi. Kaka yangu anasema picha mbili hazijaona kitu, ya tatu ni kutupa hela, na itabidi tuuze ng'ombe. Mama anaogopa mionzi kwa sababu mjukuu wa miezi minne analala kwao. Nishaurini.

Mtu_wa_Gamma:
Pole sana dada. Nafanya kazi kitengo cha tiba ya nyuklia.

Mwambie kaka kwamba CT inatazama ukubwa na umbo. Tezi ya limfu ya milimita 5 iliyoingiwa na saratani, kwa CT ni tezi ya kawaida. PSMA ni protini iliyojaa juu ya seli nyingi za saratani ya tezi dume. Tunachukua kimolekuli kidogo kinachofanana na peptidi, kinachoing'ang'ania protini hiyo kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, tunakibebesha galiamu-68 yenye mionzi, tunamchoma mgonjwa mshipani. Baada ya kama saa moja, mashine inaonyesha kiliponasa. Tezi za mate, figo na kibofu vitang'aa pia, hiyo ni kawaida, msishtuke mkiona picha.

Lakini nisikudanganye. Utafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, UCLA na UCSF, uliotoka 2019 ulipima wanaume 635 ambao saratani ilirudi baada ya tiba. PSA ikiwa chini ya 0.5, kipimo kiliona kitu kwa asilimia 38. Kati ya 0.5 na 1.0, asilimia 57. Baba yuko hapo. Kwa hiyo picha inaweza kutoka tupu na saratani ipo. Muulizeni daktari kabla ya kuuza ng'ombe: ikionyesha kitu utabadilisha nini, na isipoonyesha utafanya nini?

Na msisubiri PSA ipande eti ndiyo picha ionekane vizuri! Tiba ya mionzi baada ya upasuaji hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado chini.

Mama Latifa:
Na huyo mtoto mchanga je? Hilo ndilo linalomsumbua bibi.

Mtu_wa_Gamma:
Galiamu-68 inapungua nusu kila dakika 68. Baada ya saa 12 imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Siku hiyo anywe maji mengi, akojoe mara kwa mara, akae mbali na watoto na wajawazito kwa saa chache. Akilala Nairobi, atafika Tanga hana kitu mwilini.

Mwana_wa_Mzee:
Dada, sisi tumelipitia hili na baba yetu. Laleni karibu na hospitali. Sisi tulikwama kwenye foleni Mombasa Road saa mbili nzima, na dawa haikusubiri: kwa muda huo inabaki chini ya theluthi. Tukarudishwa, tukapangiwa siku nyingine. Bebeni CD ya CT ya zamani na majibu ya maabara ya ile tezi iliyotolewa, wanalinganisha. Na kama daktari anafikiria sindano za homoni, ulizeni zianze kabla au baada ya kipimo, maana zinaweza kubadili kinachoonekana.

Kwa mzee wetu kilionekana kidoa kimoja, tezi ya limfu ndani ya nyonga. Mionzi ikaelekezwa pale pale.

Binti_Pongwe:
Asanteni, Mungu awalipe. Nimempigia daktari nikamsomea yale maswali. Anasema kidoa kikionekana nje ya eneo la upasuaji, ramani ya mionzi inabadilika. Picha ikiwa tupu, ataanza mionzi pale tezi ilipokuwa, hatasubiri. Mama amekubali, mjukuu atalala kwangu siku mbili. Kaka hajasema neno, ila jioni hii nimemkuta zizini anachagua ng'ombe.