Brashi 12 kwenye pakiti, umbo moja! Wauza vifaa vya uchoraji mnatuonaje?

Wakuu, naandika mikono bado inanuka mafuta ya taa na hasira haijapoa, kwa hiyo mtanivumilia.

Juzi niliingia duka moja Kariakoo, jina nalihifadhi kwa leo. Nikaomba brashi za kuchorea. Nikaletewa pakiti ya brashi 12, namba 1 mpaka 12, sh 18,000. Vichwa vyote vimezibwa na karatasi ya maua, unaona mipini tu. Nikauliza, brashi bapa, zile za kichwa kipana, zimo humu? Jamaa wala hakuinua macho kwenye simu: "Kaka, brashi ni brashi. Humo zimo zote."

Nafungua nyumbani, zote duara. Kumi na mbili, tumbo moja, tofauti ni unene tu!

Mimi ni mchoraji wa picha za mtindo wa tingatinga. Nilikuwa na oda ya tembo kwenye hadibodi, sentimita 60 kwa 60, na nyuma yake machweo. Wanaojua wanajua: anga lile ndilo linalouza picha. Unahitaji bapa pana ya nywele laini, unavuta njano, unavuta nyekundu, halafu bapa ya pili, kavu, unaipitisha taratibu pale zinapokutana kabla rangi ya enameli haijaanza kunata. Enameli haimsubiri mtu. Sasa chukua duara namba 12 ufanye kazi hiyo. Kila ukipitisha inaacha tuta kushoto na tuta kulia, ukirudi kusawazisha unaongeza la tatu. Anga langu likawa shamba la viazi.

Na nywele zinang'oka! Nilitoa tisa kwa ncha ya sindano. Ya kumi niliiona rangi imeshakauka, imelala katikati ya jua. Mteja akaniuliza kama yule ni ndege. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Tukija kwenye nyasi na singa za mkia ndiyo kabisa. Hapo inatakiwa brashi nyembamba yenye nywele ndefu, ile ambayo Wazungu wanaiita riga kwa sababu wachoraji wa meli waliitumia kuchora kamba za matanga. Nywele ndefu zinabeba rangi ya kutosha, ukilegeza enameli kidogo kwa mafuta ya taa unavuta mstari mmoja mpaka mwisho bila kuinua mkono. Hii namba 1 niliyouziwa ina nywele fupi kama kope. Unavuta inchi mbili, rangi imekwisha, unachovya, unaunga, na kiungo kinaonekana. Pwani yote hii, majahazi kila siku, halafu brashi ya kuchorea kamba hatuna!

Sikio la tembo nalo linataka ile tunayoiita ulimi, bapa yenye ncha iliyoviringwa, maana bapa ya kawaida inaacha kona. Zile ngumu za nywele za nguruwe waachieni wanaopaka rangi nzito ya mafuta, kwenye enameli zinakwaruza tu.

Namba inaeleza unene, haielezi umbo. Hata huo unene, sita ya kiwanda hiki si sita ya kile. Mnajificha nyuma ya namba kwa sababu hamtaki kufungua pakiti. Na anayeumia si mimi wa miaka mingi kazini. Anayeumia ni dogo anayeanza, kajibana akanunua pakiti hiyo, anga limemshinda, anaamini hana kipaji. Kumbe hana bapa.

Najua atatokea mjuaji aniambie Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza na rangi za baiskeli na vipande vya ubao mwishoni mwa miaka ya 1960, mbona aliweza. Sawa mkuu. Mzee hakuuziwa pakiti iliyoandikwa "ya kitaalamu".

Kwa haki kabisa niseme kitu kimoja kilifanya kazi: kitako cha mpini. Vidoti vya mwilini nilivipiga kwa hicho, vimetoka safi sana. Sh 18,000 ya vijiti.

Mwenye kujua duka Dar linalouza brashi moja moja, zimesimamishwa kwenye kopo uone kichwa, uguse nywele, uvute shingo ya bati kama inacheza, aweke hapa. Natafuta bapa mbili za inchi moja na riga moja. Sitaki seti.

MREJESHO: Nimerudi dukani leo asubuhi. Kurudisha hela hawataki, wamenibadilishia pakiti "nzuri zaidi" kwa kuongeza sh 5,000. Safari hii nimeifungulia palepale kaunta. Duara 12. Mipini ya bluu.